Amari ya Berrio: mpango wa waungwana wa Mvita, Aprili 1498

Usiku wa Jumanne, tarehe 10 Aprili 1498, nje ya bandari ya Mvita, ndiyo Mombasa, walinzi wa zamu kwenye Berrio, chombo kidogo kuliko vyote vitatu vya Mreno Vasco da Gama, waliona vitu vikienda majini. Wakadhani ni jodari. Walipotambua kwamba ni watu, amari, kamba ya nanga, ilikuwa imeshaanza kukatwa, na kwenye São Rafael waogeleaji wengine walikuwa wameshika kamba za galme, ule mlingoti wa nyuma. Walinzi wakapiga ukelele kuziamsha merikebu nyingine. Waogeleaji wakateremka kimya kimya wakarudi majini, na mitumbwi miwili iliyowaleta ilikuwa imesimama si mbali.

Tukio hili hutajwa kwa sentensi moja au mbili, na mara nyingi huambatana na neno hiana: watu wa Mombasa walimpa mgeni machungwa kwa mkono mmoja, kisu wakakificha kwa mkono wa pili. Mimi nasema neno hilo limewekwa mahali pasipo pake. Kwamba kulikuwa na mpango, sina shaka. Ulikuwa mpango wa watu waliojua bandari yao, wenye hatua zilizofuatana, dhidi ya kikosi ambacho siku chache nyuma kilikuwa kimeupiga mizinga mji wa ndugu zao. Na uliharibika kwa sababu za kibaharia tunazoweza kuzitaja moja moja.

Karibu yote tunayoyajua yanatoka kwenye shajara ya mtu mmoja aliyekuwamo safarini, ambayo wanahistoria wengi huihusisha na Álvaro Velho. Kwa hiyo lazima kila jambo lipimwe peke yake: lipi mwandishi aliliona kwa macho yake, lipi ni dhana yake, lipi lilitolewa kwa mateso. Shajara yenyewe haifichi tofauti hiyo, na hapo ndipo pa kuishika.

Chanzo kiko Msumbiji. São Gabriel ya da Gama mwenyewe, São Rafael ya kaka yake Paulo, na Berrio ya Nicolau Coelho zilifika Kisiwa cha Msumbiji mwanzoni mwa Machi. Wenyeji waliwadhani Waislamu wenzao. Marubani wawili wakakubali kuwaongoza kwa malipo ya mithkali 30 za dhahabu kila mmoja pamoja na nguo, kwa sharti kwamba mmoja akishuka pwani mwenzake abaki chomboni. Ilipojulikana kwamba wageni ni Wakristo, mambo yakaharibika. Wakagombania maji ya kunywa, mizinga ikalia, watu wakakamatwa kwenye mitumbwi yao. Tarehe 29 Machi kikosi kikaelekea kaskazini kikiwa na mateka ndani, na tarehe 1 Aprili rubani mmoja akachapwa viboko kwa kudaiwa kusema uongo kuhusu visiwa vilivyoonekana mbele.

Habari za Msumbiji zingechelewa vipi kufika Mvita? Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Merikebu za da Gama zenyewe zilitumia siku 9 njiani, tena huku São Rafael ikipanda fungu alfajiri ya tarehe 6 Aprili, mkabala na milima ya Usambara, ikangoja maji yajae ndipo ielee. Chombo chepesi chenye nahodha anayeijua njia hakihitaji zaidi ya hapo, na mapigano ya Msumbiji yalikuwa yameanza siku nyingi kabla ya kikosi kuondoka. Wazee wa Mvita walipoziona tanga zile Jumamosi tarehe 7, walijua ni akina nani.

Majira nayo yana neno. Aprili ni tanga mbili: kaskazi imechoka, kusi haijashika. Vyombo vilivyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi huwa vingali bandarini vikingoja upepo wa kurudi, ndiyo maana shajara inataja vyombo vingi mbele ya mji, vimepambwa bendera. Kwa hesabu ya kalenda, siku ile iliangukia katikati ya Shaabani, mwaka 903 Hijria, mwezi ukiwa mpevu. Pasaka ya Wakristo ilikuwa tarehe 15 Aprili, na Pasaka hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo hesabu mbili zinakubaliana. Naitaja kwa sababu mwezi mpevu huleta bamvua, yale maji makuu, na bamvua ya Mombasa hupandisha na kushusha maji kwa mita 3 hivi. Katika mlango mwembamba, maji yale hukimbia.

Na mlango ule ni mwembamba kweli. Mji ulikuwa upande wa mashariki wa kisiwa, palipo Mji wa Kale leo, ukitazamana na Nyali. Chombo kinachotoka bahari kuu hupita kati ya miamba ya upande wa Nyali na ile ya upande wa Likoni, kisha kinakata kulia kufuata mji. Mgeni asiye na rubani hapiti hapo kwa kubahatisha, hasa mgeni aliyetoka kupanda fungu jana yake. Da Gama alitia nanga nje. Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko mizinga yake yote.

Tufikiri sasa kama walivyofikiri wale waungwana. Merikebu ya tani 100 hivi, yenye mizinga ubavuni, haichukuliwi bahari kuu kwa sambuki na panga. Utaifikia ikiwa imeshakuona, na kila pima unayoikaribia unailipia kwa damu. Ndani ya bandari hesabu inageuka. Upepo hukatwa na ardhi, chombo hakiwezi kutoka bila kungoja maji. Hakina nafasi ya kugeuka ili kielekeze mizinga kinapotaka, na mtumbwi ulioganda ubavuni uko chini ya mdomo wa mzinga, haupigiki. Halafu mabaharia lazima washuke kuteka maji na kununua chakula, nguvu yao igawanyike kati ya pwani na chombo. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa moja: kumfanya mgeni ang'oe nanga kwa hiari yake na kuingia.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuona. Usiku uleule wa Jumamosi, karibu saa 6, sambuki lenye watu kama 100 wenye panga na ngao liliikaribia São Gabriel na kutaka kupanda. Wakakataliwa, wakaruhusiwa wanne au watano tu, wale walioonekana kuwa watu wa heshima kuliko wengine. Wakakaa muda wa saa mbili hivi. Mwandishi wa shajara anaona walikuja kupima kama chombo kimojawapo kinaweza kutekwa. Hiyo ni dhana yake, na mimi naikubali, maana saa mbili juu ya sitaha zinamtosha mtu mzoefu. Atahesabu wanaosimama kwa miguu yao na waliolala. Ataona mizinga iko wapi, amari imefungwa wapi, zamu inabadilishwaje. Kikosi kile kilikuwa kimepigwa na kiseyeye tangu kule mtoni karibu na Quelimane, kusini ya Kisiwa cha Msumbiji, miguu na mikono ikavimba, fizi zikafunika meno hata mtu asiweze kula. Walipoziona bendera za Mvita na wao wakapamba merikebu zao, ili wasipitwe, ingawa wazima walikuwa wachache. Kwa anayetazama kutoka pwani mapambo hayo yangeficha uchache huo, lakini mtu aliyekwisha kupanda juu hayamzuii kuona.

Hatua ya pili ilikuwa kutuliza moyo. Jumapili mfalme alipeleka kondoo, machungwa mengi, ndimu na miwa, na pete kama dhamana ya amani, na neno kwamba wakiingia bandarini watapata kila wanachohitaji. Kwa watu wenye kiseyeye, machungwa na ndimu vilikuwa dawa kamili, ingawa siku zile hakuna aliyejua sababu. Shajara inasema wagonjwa wao walipona pale Mombasa, nayo inausifu mji kwa hewa yake nzuri. Hewa haiponyi kiseyeye. Zawadi ya Mvita iliwarudishia nguvu mikononi watu waliokusudiwa kutekwa, na sijui kama kuna kosa la mpango lililo kubwa kuliko hilo ambalo mpangaji asingeweza kuliona.

Da Gama naye akapeleka mkufu wa marijani na watu wawili. Walipita milango minne kumfikia mfalme, kila mlango na bawabu mwenye upanga nje ya ala. Walipokelewa vizuri, wakatembezwa mjini, wakarudishwa na sampuli za karafuu, pilipili manga na nafaka, bidhaa walizoambiwa wataruhusiwa kupakia. Tazama mpangilio wake: kwanza usalama, kisha chakula, kisha faida. Watu wale walitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 kutafuta viungo, na sasa viungo vilikuwa viganjani mwao. Da Gama akakubali kuingia.

Asubuhi ya Jumanne nanga ziling'olewa, na hapo ndipo mpango ulipokufa. Sababu yake inahitaji maelezo kidogo. Merikebu yenye matanga ya mraba, nanga ikishaachia ardhi, haiendi mbele papo hapo. Inaanza kurudi kinyumenyume kwa upepo na maji. Katika muda huo mfupi nahodha lazima aitupe omo, sehemu ya mbele ya chombo, upande mmoja: tanga la mbele linageuzwa lipokee upepo kwa uso lisukume omo, na usukani unapinduliwa kinyume cha kawaida kwa kuwa chombo kinarudi. Omo ikigeuka, matanga yanajaa, safari inaanza. Isipogeuka, chombo kinaendelea kurudi na nyuma hakuna anayekiongoza. Upepo mwepesi wa tanga mbili huizidisha hatari hiyo, na mkondo wa mlangoni vivyo hivyo, tena mabaharia wa kuvuta kamba walikuwa wachache. São Gabriel ilikataa kugeuka. Ikarudi, ikaigonga iliyokuwa nyuma yake. Da Gama akaamuru nanga zitiwe tena.

Kwa baharia hiyo ni aibu ya dakika chache. Unatia nanga, unatengeneza, unangoja maji mengine, unajaribu tena. Lakini watu wa Mvita waliokuwa merikebuni walisikia kishindo, makelele, nanga inarudi chini, wakaelewa jambo moja: tumegunduliwa. Wakarukia sambuki lililofungwa shetri, upande wa nyuma wa merikebu. Marubani wawili wa Msumbiji wakajitupa majini, wakaokotwa na sambuki lile. Mpaka dakika hiyo da Gama hakuwa amegundua chochote. Kukimbia kwao ndiko kulikomwambia.

Hili ndilo ninalolihesabu kuwa kosa la msingi. Mpango ulikuwa na maagizo ya chombo kuingia, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda, haukuwa na agizo la chombo kusimama. Bandarini vyombo husimama kila siku kwa sababu hamsini. Mtu mmoja mzee kati ya wale watu wa Mvita angekaa palepale, akaomba maji ya kunywa, akasema "tutajaribu maji yakijaa", na São Gabriel ingeingia siku ileile au kesho yake. Waliochaguliwa kwa heshima zao walifaa kwa mazungumzo; pale palihitajika mtu wa pwani, aliyezoea kuona merikebu ikikataa omo.

Nawatenga marubani wawili katika hukumu hii. Wao walikuwa na sababu yao. Walikuwa wamelipwa, kisha wakawa wafungwa, na mmoja wa marubani wa safari ile alikuwa ameshachapwa. Mbele yao palikuwa na mji wa Kiislamu wenye kusema lugha wanayoielewa, na sambuki lililo wazi chini yao. Kuruka kwao hakuthibitishi njama yoyote ya Mvita. Ni watu waliotoroka.

Usiku ulipoingia, da Gama aliwachukua wanaume wawili kati ya mateka wa Msumbiji akaamuru wadondoshewe mafuta ya moto kwenye ngozi ili waseme. Wakasema kwamba amri imetolewa Wareno wakamatwe mara watakapoingia bandarini, kulipiza yale ya Msumbiji. Mateso yaliporudiwa, mmoja akajitupa baharini mikono ikiwa imefungwa. Wa pili alifanya hivyohivyo katika zamu ya alfajiri. Majina yao hayakuandikwa. Walichoma ngozi za watu hawa ili wapate sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo inayonukuliwa hadi leo kama ushahidi mkuu wa hiana ya Mombasa. Mimi siipi uzito hata kidogo. Aliyemwagiwa mafuta ya moto husema anachoulizwa, na mateka aliyefungwa chomboni tangu Msumbiji hakuwamo barazani mwa mfalme wa Mvita kusikia amri.

Ushahidi ninaoupokea ni wa waogeleaji, kwa kuwa walionekana, na kwa kuwa walichokuwa wakifanya hakina tafsiri nyingine. Nao unaonyesha ustadi. Mitumbwi ilibaki mbali ili makasia yasisikike, watu wakamalizia kwa kuogelea. Kwa umri ule wa mwezi, saa 6 za usiku maji ya Mombasa huwa yanapwa, kwa hiyo mkondo unaotoka mlangoni unamchukua muogeleaji kuelekea nje bila yeye kupiga maji sana. Kundi moja kwenye amari, jingine kwenye galme. Merikebu iliyotia nanga huelekeza omo kwenye nanga yake, shetri ikabaki upande wa pili. Ukishambulia ncha mbili, zamu haijui ikimbilie wapi. Chombo kilichokatwa amari gizani huanza kuchukuliwa na maji kabla tanga halijafunguliwa, na pale palikuwa na miamba karibu, na merikebu nyingine mbili karibu zaidi.

Kilichowashinda ni vitu vitatu. Amari ni kamba nene iliyosokotwa, hukatwa pindi baada ya pindi, na muda wote huo mkataji ameshikilia kamba inayocheza majini. Kazi ya namna hiyo haina haraka. La pili, mwezi: ulikuwa wa usiku wa 17 au 18, unaochomoza baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo saa 6 ulikuwa umepanda na maji yanang'aa. Walinzi waliowaona jodari wasingeona kitu usiku wa kiza. La tatu ndilo zito. Ulikuwa usiku ambao hakuna mtu kwenye merikebu zile aliyelala kwa amani. Mchana watu wa Mvita wamekimbia, jioni mateka wameunguzwa, zamu ziko macho. Waungwana wa Mvita walichagua usiku mbaya kuliko wote katika wiki ile. Bila shaka walidhani mgeni ataondoka alfajiri. Hakuondoka, alibaki Jumatano na Alhamisi, akang'oa nanga Ijumaa tarehe 13.

Sasa neno hiana. Jumamosi tarehe 14, alfajiri, kikosi kiliona vyombo viwili baharini, kikavifukuza. Kimoja kilikimbilia pwani, kingine kikakamatwa jioni: watu 17, dhahabu, fedha na nafaka, na miongoni mwa abiria mzee wa heshima pamoja na mke wake kijana. Walijitupa wote majini, wakaokolewa na kufanywa mateka. Sababu iliyoandikwa ni kwamba kikosi kilihitaji rubani. Siku nane baadaye, huko Malindi, kwa mfalme aliyewapokea kwa furaha na ambaye alikuwa na ushindani wake na Mvita, da Gama alimkamata mtumishi mwandani wa mfalme huyo aliyepanda chomboni, akamshikilia mpaka rubani aliyeahidiwa alipoletwa. Rubani akaja, na tarehe 24 Aprili wakaondoka kuelekea Calicut, Bara Hindi.

Ndani ya mwezi mmoja, basi, kuna matukio manne ya kuteka watu au vyombo kwenye pwani hii. Matatu yalifanikiwa na yakafanywa na wageni: Msumbiji, baharini kabla ya Malindi, na Malindi yenyewe. La nne lilishindikana, likafanywa na wenyeji, na ndilo pekee lililobaki na jina baya. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania anayesoma sura hii anastahili kuwekewa yote manne mezani pamoja, kwa tarehe zake.

Wareno wenyewe waliielewa hesabu ya mlango ule. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliingia bandarini kwa nguvu, akauchoma mji. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba palepale chombo kinapokata kuingia upande wa mji, mahali ambapo São Gabriel ilikuwa ipite asubuhi ile ya Jumanne.

São Rafael haikufika nyumbani. Tarehe 12 Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, walipita karibu na Mvita. Kesho yake walitia nanga kwenye fungu lilelile mkabala na Usambara, na kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, waliitia moto wenyewe. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliyokuwamo waliichukua. Iko katika jumba la makumbusho ya bahari mjini Lisbon.